Njia ya Busale na Ndege Wake

Msafiri wa zamani aliijua njia kwa miguu yake, na kwa sababu hiyo aliijua kwelikweli. Msafiri wa leo huijua kwa saa. Akifika aendako, aghalabu hana habari ya alikopita ila bei ya chakula cha njiani na idadi ya mara aliposimamishwa na askari wa barabarani. Walakini wako watu wachache ambao, hata ndani ya gari, wameendelea kusafiri kwa desturi ya kale. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Busale, katika wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Safari inayosimuliwa hapa ni ile aliyoifanya pamoja na mwanawe mwezi wa Desemba mwaka 2022, kutoka Dar es Salaam kwenda kwao kwa sikukuu ya Krismasi.

Mzee alikuwa na umri wa miaka 76, na alikuwa amekaa mjini miezi mitatu kwa matibabu ya macho. Maradhi yake yalikuwa presha ya macho, ambayo ina tabia ya mwizi mpole: huanza kuiba vitu vya pembeni, na mwenye mali hagundui mpaka nyumba inakaribia kuwa tupu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na nuru ikarudi. Lakini nuru iliyochukuliwa na presha ya macho hairudi tena. Dawa ya matone huilinda iliyobaki, wala haiwezi zaidi ya hapo. Siku ya safari jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia liliitazama dunia kama mtu achunguliaye katika tundu la ufunguo.

Vitu viwili havikumbanduka mzee huyu katika kila safari: darubini kuukuu yenye mkanda ulioshonwa mara nyingi, na daftari. Tangu mwaka 1974 alikuwa akiandika humo kila ndege aliyemwona kati ya Busale na mahali popote alipotumwa na kazi ya ualimu. Daftari la kwanza lilipojaa alinunua la pili, na siku hiyo alichukua la tisa. Kurasa zake za mwisho zilikuwa tupu, kwa kuwa kalamu yake ilikuwa haioni tena mstari.

Mwanawe, mhasibu wa mjini, hakuwa na uadui na baba yake, bali alikuwa na uadui wa siku nyingi na ndege. Alipokuwa mtoto aliamka kabla ya jua kila msimu wa mpunga kwenda kuamia. Asiyejua kazi hiyo na aulize watu wa Kyela, ambao mchele wao unasifiwa nchi nzima. Mtoto husimama juu ya kichanja katika umande, akipiga kelele na kurusha madongo ili wanana na kwelea wasimalize shamba. Kisha huenda shuleni na sauti iliyokauka. Jioni hurudi kichanjani tena. Na mtoto huyu, kila alipotupa jicho ukingoni mwa shamba, alimwona baba yake akiwaangalia wezi wale wale kwa darubini na kuwaandika majina kwa upole, kana kwamba ni wageni wa heshima. Jambo hilo lilimwingia moyoni, wala halikumtoka alipokuwa mtu mzima.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na shauri ambalo mwana alikuwa amelikata peke yake. Mama alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Sikukuu ikiisha, mzee angerudishwa mjini akae huko siku zote. Nyumba ya Busale ingefungwa, na shamba la kakao lingekodishwa kwa jirani. Chumba kilikuwa kimekwisha tayarishwa, chenye kitanda kizuri na redio. Lililobaki lilikuwa kumwambia mwenyewe, na mwana alipanga kumwambia njiani, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu: zaidi ya kilomita 900.

Waliondoka alfajiri. Morogoro walipofika, milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu. Mzee aligeuza uso upande huo akasema kuwa juu kule, katika misitu yenye baridi, kuna ndege mdogo aliyetangazwa kwa wataalamu mwaka 1938 na Reginald Moreau, mwanachuoni wa Amani, akampa jina la mkewe, Winifred. "Mtu akimpenda mkewe," alisema, "humtafutia jina litakaloimba hata baada yake." Mwana alitabasamu, akaongeza mwendo.

Katika hifadhi ya Mikumi barabara kuu hupita katikati ya mbuga kwa kilomita 50 hivi, na mabango huwaonya madereva juu ya faini za kugonga wanyama. Hapo mzee aliomba gari lisimame mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na chole juu ya tawi kavu, ndege ambaye mabawa yake yanapofunguka huonekana kama kanga mpya inayokung'utwa juani. Mara ya pili walikuwako mumbi, weusi, wakitembea majanini kwa hatua za wazee wa baraza. Mara zote mbili mwana alijibu, "Tumechelewa, Baba." Mzee hakulalamika. Alishika darubini mapajani, wala hakuomba mara ya tatu.

Lakini chombo cha chuma nacho kina neno lake. Walipofika bonde la Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo mibuyu imesimama kwa maelfu pande zote za njia, gari lilipata moto likakataa kwenda. Hapakuwa na la kufanya ila kufungua boneti na kungoja. Joto lilikuwa kali. Juu ya mbuyu mmoja ndege alipiga kelele mfululizo, bila kupumzika.

"Mtazame yule, mwanangu," mzee alisema. "Mdomo wake una rangi gani?"

"Mwekundu."

"Na kuzunguka jicho?"

Mwana alilazimika kuchukua darubini. "Weusi."

"Basi ni hondohondo wa Ruaha. Zamani alihesabiwa kuwa mmoja na wengine wenye midomo myekundu. Mwaka 2002 wataalamu walimtenga wakampa jina la mto huu. Unajua jinsi azaavyo?"

Mwana hakujua. Mzee alimweleza kwamba jike huingia katika tundu la mti, akaufunga mlango kwa udongo na kinyesi mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa majuma mengi akiatamia, na dume humlisha kupitia ufa huo. Dume akifa, jike huwa katika hatari kubwa.

"Ni mapenzi makubwa," alisema mwana.

"Ni makubwa," mzee alijibu. "Lakini jike huyo hujifungia kwa hiari yake, na siku yake ikitimia huvunja ukuta akatoka. Mwanangu, mimi si mtoto. Nimekisikia chumba kile kikipakwa rangi. Nimemsikia mkeo akiuliza kitanda kiwekwe wapi. Ukuta wangu mimi, nani atauvunja?"

Maneno yale yalimkuta mwana ameshika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, na kwa muda hakujua akiweke wapi. Shauri alilopanga kulitoa kwa utaratibu lilikuwa limetolewa mbele yake na yule aliyefichwa. Alitaka kusema juu ya matone, juu ya daktari, juu ya hatari ya mzee kutembea peke yake penye mitaro. Na yote aliyotaka kusema yalikuwa kweli. Walakini hakusema. Hondohondo aliendelea kupiga kelele. Maji yalipopoa wakaondoka.

Walipanda mteremko wa Kitonga nyuma ya malori, polepole, na upande wa kusini ikasimama milima ya Udzungwa. Mwana, ambaye hakupenda kimya kile, aliuliza mwenyewe kama milima hiyo nayo ina ndege wake. Mzee akamsimulia habari ya kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ile. Baada ya kula waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Walipomtafuta akiwa hai waliona kuwa jamaa zake wa karibu wako Asia, mbali kabisa na Afrika, na mwaka 1994 akaandikwa katika vitabu kuwa ndege mpya. "Mpya kwa vitabu," mzee alisema, "maana kwa aliyempika hakuwa mpya." Mwana alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Usiku walilala Iringa. Baada ya chakula mzee alizungumza juu ya msafiri mwingine wa njia ya Nyasa. Mwaka 1879 msafara wa Shirika la Kijiografia la Uingereza ulitoka Dar es Salaam kwenda kuitafuta njia ya maziwa makuu. Kiongozi wake, Keith Johnston, mzaliwa wa Edinburgh, alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho kabla ya kufika mbali. Uongozi ukamwangukia Mskoti mwenziwe, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Lakini aliyeijua kazi ya njia alikuwa mnyapara wa msafara, Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa wale waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo hadi pwani. Wakapita Uhehe, na mwezi wa Septemba wakafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

"Thomson yumo katika lugha yetu hata leo," alisema mzee. "Tunapomwita mnyama swala tomi, tunamtaja yeye bila kujua. Chuma alimwonyesha njia, na jina lake halikukaa juu ya mgongo wa swala. Majina hukaa kwa wanaoandika. Ndiyo maana nimeandika."

Mwana alilala akifikiri juu ya madaftari tisa. Kwa maisha yake yote aliyadhania kuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Usiku ule yalimjia moyoni kwamba, ikiwa baba yake hataandika tena, na yeye hajui hata jina moja, basi miaka 48 ya kutazama itafungwa ndani ya sanduku pamoja na nyumba.

Siku ya pili walipita Mafinga na Makambako, kisha wakateremka Usangu. Bonde hili ni mama wa Ruaha Mkuu, mto ulisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Lakini tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu zake za chini, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa juu kwa kilimo. Mzee aliuliza, "Unaona nini mashambani?" Mwana alisema anaona ndege weupe.

"Weupe wote, au mabawa yana weusi?"

"Wengine weupe wote. Wengine wana weusi mwishoni mwa mabawa, na midomo yao mirefu ni myekundu."

"Wa kwanza ni yangeyange, wenyeji. Wa pili ni korongo weupe. Hao wametoka Ulaya. Wametangulia kwenda likizo kuliko sisi."

Mwana alisimamisha gari. Hakuombwa. Walisimama kando ya barabara, malori yakipita kwa upepo na vumbi, na mzee akaendelea kuuliza kama alivyouliza darasani kwa miaka mingi: ukubwa wake, mwendo wake, yuko peke yake au na wenzake, anakula nini. Na mwana, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu, aligundua kwamba ana jicho zuri la kutofautisha. Walipita mbayuwayu juu ya mpunga, wakikata hewa. Mzee alisema kuwa ndege wa aina hiyo ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwamba wale wazaliwao katika mabanda ya ng'ombe ya Scotland, nchi ya akina Thomson, huivuka Afrika karibu yote hadi kusini kabisa, kisha hurudi kuzaa kule kule walikozaliwa. Hakuna awashikaye mkono. Mwana alisikia lile alilokusudiwa alisikie, wala hakujibu.

Walipopita Uyole wakakata kushoto kuelekea Tukuyu. Ilikuwa saa nane mchana walipofika Isyonje. Hapo hutoka njia mbaya ya kupanda Kitulo, uwanda wa juu ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Katika miaka yote 48 mzee alipita njia panda ile akasema, "Siku moja." Safari hii hakusema. Mwana ndiye aliyepunguza mwendo.

"Kuna nini huko juu, Baba?"

"Kuna mbayuwayu buluu. Sijapata kumwona."

Mwana alitazama saa, akatazama mawingu, akatazama uso wa baba yake uliokuwa umeelekea mahali pasipokuwa na kitu. Akageuza gari kupanda.

Uwandani palikuwa na baridi na ukungu. Nyasi fupi zilienea hadi pasipoonekana, na maua yalisimama kati yake kwa rangi za manjano na nyeupe. Walingoja karibu saa nzima. Mzee alisimama amejifunga shuka, darubini ikining'inia shingoni bila kazi, maana ukungu na maradhi vilikuwa vimeungana kumnyima. Kisha ukungu ulifunguka kidogo, na vitu viwili vyembamba vikapita chini sana, karibu na nyasi.

"Niambie," alisema mzee.

"Wawili. Ni wa buluu, Baba, buluu ya kung'aa kama chuma kilichopashwa moto kikapoa. Hawana weupe popote, hata tumboni. Mkia wa mmoja una nyuzi mbili ndefu, ndefu kuliko mwili. Wanageuka. Wanarudi kwetu. Mmoja ameingia shimoni ardhini!"

"Kiota," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hutumia mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Huzaa hapa wakati wa mvua, na baridi ikija huenda kukaa upande wa Ziwa Viktoria. Duniani wamebaki wachache." Akanyamaza kidogo. "Basi nimewaona."

Hakuna mwenye haki ya kusema kwamba hakuwaona. Mwana alichukua daftari la tisa, akauliza tarehe iandikwe upande gani, akaandika. Yeyote atakayelifungua daftari lile ataona kwamba mwandiko unabadilika katika mstari huo.

Waliteremka katika migomba na chai ya Rungwe, giza likawakuta Tukuyu, na joto la Kyela likaingia madirishani kabla hawajaziona taa zake. Busale walifika saa nne usiku. Jirani walikuja na taa, na mzee akajibu salamu zao zote kwa Kinyakyusa, akimtaja kila mtu kwa sauti yake kabla hajajitambulisha. "Ndaga fijo," aliwaambia, akaingia nyumbani bila kushikwa mkono, akapita kati ya viti, akaning'iniza darubini kwenye msumari wake. Mwana, aliyekuwa na macho mawili mazima, alijikwaa kizingitini.

Kabla ya mapambazuko alimwamsha mwanawe. Waliketi barazani katika giza, mvua ikidondoka kutoka majani ya mikakao. Ndege wakaanza, mmoja mmoja. Mzee alimtaja kila mmoja kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa, kisha akasema yuko mti gani na anatafuta nini. Dudumizi aliposhusha sauti yake kama maji yamiminwayo kutoka kibuyuni, alisema mvua itarudi kabla ya adhuhuri. Chozi alipolia akasema ua la mgomba wa pili limefunguka. Kulipopambazuka mwana alisimama akaenda kutazama: lilikuwa limefunguka. Mvua nayo ilirudi.

"Mjini," mzee alisema, "nitakuwa kipofu. Hapa nitakuwa mtu asiyeona tu."

Siku iliyofuata Krismasi walikwenda Matema, mahali ambapo milima inayoitwa kwa jina la Mskoti mwingine, Livingstone, huzamisha miguu yake ziwani. Mbali juu ya maji zilipanda nguzo kama za moshi, nazo hazikuwa moshi: zilikuwa kungu, vidudu vidogo vya ziwani wasiohesabika, ambao watu wa ufukoni huwakusanya na kuwafanya kitoweo. Mbayuwayu walikuwa wakila humo. Furukombe alilia, na mzee akainua kidevu kuelekea sauti ile. Safari hii mwana ndiye aliyetaja jina kwanza.

Kabla ya kurudi mjini alizungumza na binti wa shangazi yake, aishiye nyumba ya pili, juu ya matone ya asubuhi na jioni. Akafunga kamba kutoka barazani hadi kisimani, na nyingine hadi chooni. Akaahidi kuja kila baada ya miezi mitatu kumchukua mzee kwenda kwa daktari na kumrudisha. Hakuna jambo katika hayo lililokuwa rahisi, na mji wenye mshahara hautoi ruhusa kwa urahisi. Wala hofu haikumwisha. Mtu anaweza kuijua nchi yake kwa masikio na bado akaanguka mtaroni. Lakini alikuwa ameelewa kwamba kuna kumlinda mzazi na kuna kumfungia, na kwamba vyote viwili hutoka katika moyo mmoja.

Alirudi peke yake kwa njia ile ile. Pale Mbuyuni gari halikupata moto. Alisimama hata hivyo, akafungua kioo, akasikiliza.